Spiriti, sabuni, mafuta au dawa ya kupenya: okidi yako ya ndani ina wadudu, ushike ipi?

Ukishaona kitu cheupe kama pamba kimejibana pale kwapa la jani linapokutana na shina la okidi, unaanza kuuliza watu, na ukishauliza ndo unachanganyikiwa kabisa, maana mmoja anakwambia spiriti, mwingine sabuni, wa tatu mwarobaini, wa nne anasema acha mchezo weka sumu kwenye mizizi umalize kazi. Na hamna anayekudanganya hapo. Kila mmoja alipona na mdudu wake kwenye chungu chake, sasa anakupa dawa ya mdudu wake kwa shida yako wewe. Mi nimezitumia zote nne kwa okidi zangu za dirishani, nyingine zikapona, nyingine nikaziua mwenyewe kabla mdudu hajamaliza kazi yake, kwa hiyo naziweka hapa meza moja uzione kwa maswali yale yale.

Kwanza mjue mgeni

Washa tochi ya simu, geuza jani uangalie chini, chungulia makwapa yote, ukimaliza angalia mgongoni mwa maua. Kuna vitu vitatu vinavyowapa watu presha bure. Cha kwanza ni ganda jeupe la sponji linalofunika mizizi ya okidi, likichubuka linafanana na uzi au pamba, lile ni la mmea wenyewe, ndo linalonyonya maji. Cha pili ni vitone vitamu vinavyong'aa kwenye shina la maua au kwenye vichomozo, okidi nyingi zinatoa utomvu huo zikiwa nzima kabisa. Cha tatu ni doa la chokaa la maji magumu, hilo ukifuta na kitambaa chenye unyevu linatoka na halirudi mpaka umwagilie tena.

Sasa wenyewe. Vidung'ata ndo wale weupe wenye unga wa nta, laini, ukimgusa na kijiti anasogea polepole. Wadudu magamba hawasogei kabisa wakishakua, wanakaa kama vipele vya kahawia au vya rangi ya majani makavu, na hawa wako makundi mawili, kuna wa gamba laini ambao wanaacha majani yananata kwa sababu ya mkojo wao mtamu, na kuna wa gamba gumu ambao hawanatishi kitu. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji mbele. Kuna mmoja wa gamba gumu anaitwa Diaspis boisduvalii, anapenda okidi kweli kweli, jike lake ni duara bapa lakini madume wadogo wanajikusanya kama vipande vya pamba, watu wengi wanamwita kidung'ata na kumtibu kama kidung'ata halafu wanashangaa haishi.

Vidukari wanapenda vichomozo na matumba ya maua. Vithiripi ni vyembamba kama vipande vya uzi, vinajificha ndani ya ua na kuacha michirizi ya fedha. Utitiri sio mdudu hasa, una miguu 8 na ni ndugu wa buibui, ila shida yake ni ileile: upande wa chini wa jani unakuwa na vidoa vidogo vya fedha, pitisha tishu nyeupe hapo na ukitoka na alama nyekundu au ya kahawia basi unao. Usisubiri utando, maana utitiri bapa wa okidi hausokoti utando kabisa. Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukimwagilia havihusiki na mjadala huu, vinakwambia tu kwamba magome ya miti yaliyo ndani ya chungu yameoza na yanabaki na maji muda mrefu. Badilisha magome, acha chungu kikauke kati ya maji na maji.

Tunazipima dawa kwa maswali gani

Maswali matano. Inaua nani? Inafika wapi, juu ya jani tu au mpaka kwenye mizizi? Mmea wenyewe unaivumilia vipi? Ndani ya nyumba ikoje, nikimaanisha watoto, paka, harufu, moto? Na la tano ambalo watu hawaliulizi: je wewe utairudia mara ngapi kabla hujachoka? Swali la "ipi kali zaidi" sijaliweka kwa makusudi, maana mdudu akiwa kwenye mizizi na wewe unafuta majani, ukali hauna kazi yoyote.

Kitu kimoja kinazihusu karibu zote: mayai. Jike wa kidung'ata anaweza kutaga mamia ya mayai ndani ya kile kifuko cha pamba, na dawa nyingi za kugusa zinaua anayetembea zinaacha yai. Ndo maana unaona wamekwisha Jumapili halafu wiki inayofuata wapo tena, sio kwamba dawa ni feki, ni watoto wa wale wa juzi. Kila utakachochagua kirudie kila baada ya siku 7 mpaka 10, mara tatu au nne, hata kama huoni kitu.

Spiriti na pamba

Nazungumzia alkoholi ya isopropili ile ya asilimia 70 ya kusafishia ngozi. Inayeyusha nta inayowafunika vidung'ata na inawakausha pale pale, unaona kabisa mdudu mweupe anabadilika anakuwa wa kahawia. Kwa magamba pia inasaidia, lakini hapo kazi kubwa inafanywa na kusugua kwa kijiti cha pamba, ukilowesha tu bila kubandua gamba wa gamba gumu anakucheka. Kwa utitiri ni kazi ya bure kwa sababu huwezi kumfikia mmoja mmoja.

Inafika pale kijiti kinapofika, basi. Na hapa ndo nilipopigwa, kuna okidi moja ya aina ya Phalaenopsis nilikuwa naipangusa kila wiki kwa karibu miezi mitatu, majani yanang'aa utadhani ya plastiki, kila wiki nakuta wawili watatu wapya nasema aah wamebaki hao tu, siku naitoa kwenye chungu nakuta katikati ya magome kuna mji mzima. Nilikuwa nafuta watalii, wenyeji wako chini.

Mmea unaivumilia vizuri ukiwa na majani magumu, ila usiimwage. Spiriti inaruka haraka na ikiruka inapoza na kukausha, kwa hiyo ukimwagia mmea mzima au ukiweka juani ukiwa bado umelowa unaweza kupata madoa meusi. Maua usiguse. Mizizi inayochomoza yenye ncha ya kijani usiguse pia. Na usidhani asilimia 90 na kitu ni bora zaidi, hiyo inaruka kabla haijafanya kazi vizuri na inaumiza jani zaidi.

Nyumbani haibakishi sumu, harufu inaisha ndani ya dakika chache. Ila inashika moto vibaya sana, fungua dirisha na usiifanyie karibu na jiko, mshumaa au sigara, na usiijaze kwenye chupa ya kupulizia ukatembea nayo chumba kizima.

Inamfaa mwenye okidi moja mpaka tano, amewahi mapema, na mkono wake una subira. Ukiwa na okidi thelathini utachoka kabla wao hawajachoka.

Maji ya sabuni

Hapa kuna neno linalopotosha watu. Sabuni ya wadudu ni chumvi za potasiamu za asidi za mafuta, sabuni halisi ya kizamani kimsingi. Ile ya kuoshea vyombo sio sabuni kwa maana hiyo, nyingi ni ditajenti zenye vikata-mafuta na manukato, zinaua mdudu sawa lakini zinaondoa pia nta ya jani. Mi nilishafanya, kijiko kikubwa kwenye chupa, mchana, dirisha la jua. Kesho yake majani yalikuwa kama yamepigwa pasi.

Sabuni sahihi inavunja ngozi ya wadudu laini: vidukari, vidung'ata wadogo ambao hawajajenga nta, watoto wa magamba wanaotembea, na utitiri pia. Gamba gumu lililokomaa halishtuki. Na inaua ikiwa mbichi tu, ikikauka imekwisha, kwa hiyo kama hujalowesha upande wa chini wa jani hujafanya kitu. Faida yake juu ya spiriti ni kwamba unapulizia mmea mzima kwa dakika mbili, inaingia kwenye makwapa bila kijiti. Mizizini inaweza kufika ukimwagia, lakini magome yanakunywa yenyewe nusu ya hiyo dawa na sabuni iliyobaki humo haifurahishi mizizi, kwa hiyo ukimwagia suuza.

Maji magumu yanaiharibu, ukiona inaganda mabaki meupe badala ya kuwa kama maziwa mepesi tumia maji ya mvua au yaliyochujwa. Pima kama lebo inavyosema, jaribu kwenye jani moja subiri siku mbili, pulizia asubuhi mapema au jioni, na maji yaliyotuama kwenye kitovu cha majani ya Phalaenopsis yanyonye na tishu, maana hapo pakilala maji panaoza na mmea huo hauna kitovu kingine.

Kwa nyumba yenye watoto na wanyama hii ndo haina kelele nyingi. Inamfaa mwenye utitiri au vidukari, au mwenye mimea mingi ambaye hawezi kukaa na vijiti vya pamba. Haimfai mtu wa kupulizia mara moja akaenda safari.

Mafuta, pamoja na mwarobaini

Kazi kubwa ya mafuta ni kuziba pumzi. Yanafunika mdudu na vitundu vyake vya hewa na anakufa, na yakifunika mayai yanayaua pia baadhi, jambo ambalo spiriti na sabuni zinashindwa sana. Ndo maana kwa wadudu magamba mi naona mafuta yako mbele ya hizo mbili, hasa ukibandua wanaobanduka kwanza na mswaki laini.

Mwarobaini una sifa nyingine, azadiraktini, inayovuruga mdudu asijibadilishe ngozi na asile vizuri. Lakini angalia chupa yako. Mafuta mengi ya mwarobaini yaliyosafishwa yameshatolewa hiyo azadiraktini, yamebaki mafuta tu kama mafuta mengine ya mimea. Sio kwamba hayafai, yanaziba pumzi vizuri tu, ila usitegemee muujiza ambao haumo ndani ya chupa.

Yanafika kwenye makwapa na chini ya majani vizuri, mizizini usipeleke, mizizi ya okidi inapumua kupitia lile ganda la sponji na ukilipaka mafuta unafanya kwake kile kile unachofanyia mdudu. Kwenye jani yanaunguza kukiwa na jua au joto kali, ikipita nyuzi 30 hivi acha kwanza. Yanataka kuchanganywa na maji ya vuguvugu na tone la sabuni, tikisa kila dakika maana yanajitenga, usipotikisa unapulizia mafuta matupu kwenye jani moja na maji matupu kwenye lingine. Maua yanaharibika, kata kauli mapema kama uko tayari kuyapoteza.

Harufu ya mwarobaini mbichi ndani ya nyumba... wengine wanaizoea, wengine watakuhamisha wewe na okidi zako, na inakaa siku mbili hivi. Vumbi nalo linanata kwenye jani lenye mafuta, kwa hiyo baada ya zile raundi tatu osha majani. Inamfaa mwenye wadudu magamba au mchanganyiko wa wadudu, ambaye ana sehemu ya kivuli yenye hewa ya kupulizia nje ya sebule.

Dawa ya kupenya

Hii wengine wanaiita sistemiki. Unaweka kwenye chungu au unapulizia, mmea unaibeba ndani ya mirija yake, mdudu akinyonya utomvu anakunywa na sumu. Inayopatikana zaidi kwenye familia hii ni imidaklopridi. Kwa vidung'ata na magamba laini ni nzuri kweli, inamfuata aliyejificha kwenye mikunjo ambayo kijiti hakifiki, na inaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wanaoanguliwa baadaye nao wanaikuta. Kwenye lile swali la tano, la kurudia mpaka uchoke, inashinda wenzake wote.

Lakini ina mapengo ambayo muuzaji hakwambii. Moja, utitiri hauguswi na imidaklopridi kabisa, na kwenye baadhi ya mimea imeonekana utitiri unaongezeka baada ya kuitumia. Mbili, wa gamba gumu hanyonyi kwenye mirija ya utomvu, anafyonza seli za jani moja moja, kwa hiyo sumu inampita pembeni, ile tofauti niliyosema uishike ndo hii. Dinotefurani ya familia hiyo hiyo inayeyuka zaidi kwenye maji na inamfikia kidogo vizuri. Tatu, punje za kuweka kwenye udongo zimetengenezwa kwa ajili ya udongo. Okidi haiko kwenye udongo, iko kwenye magome makubwa ambayo maji yanapita mbio, punje zinalowa dakika mbili zinakauka na nyingine zinaishia kwenye sahani ya chini. Ya maji, ukiloweka chungu, inaingia vizuri zaidi.

Nyumbani hii ni sumu, sio spiriti. Okidi uliyoitibu isikae paka anayetafuna majani anapofika, usimwage maji ya sahani hovyo, vaa glovu, na kama lebo haisemi mimea ya ndani ya nyumba basi usiitumie ndani, habari imeisha. Na usiyatoe nje maua yaliyotibiwa kwa sababu ya nyuki. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya nje ya imidaklopridi na wenzake wawili kwa sababu hiyo hiyo ya nyuki, kwa hiyo angalia pia ulipo wewe sheria inasemaje.

Halafu kitu kidogo ambacho watu wanaruka: kwenye lebo kuna namba ya kundi, yaani jinsi sumu inavyomuua mdudu, na imidaklopridi na dinotefurani zote ni 4A. Ukinunua chupa nyingine ya jina tofauti yenye 4A hujabadilisha dawa, umebadilisha chupa. Wadudu wanaozoea dawa moja wanazizoea zote za kundi hilo.

Inamfaa mwenye vidung'ata sugu kwenye mimea mingi, ambaye ameshajaribu njia za juu vizuri na sio kwa kulipua, na ambaye ana mahali pa kuiweka mimea mbali na watoto na wanyama.

Wadudu wa kula wadudu, kwa ufupi

Kuna kijidudu kobe anaitwa Cryptolaemus montrouzieri, asili yake Australia, alipelekwa California mwaka 1891 kula vidung'ata na mpaka leo anauzwa kwa kazi hiyo. Na kuna utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis, ambao uliingia Ujerumani mwaka 1958 juu ya okidi kutoka Chile, yaani okidi zenyewe ndo zilibeba mlinzi. Wanafanya kazi vizuri kwenye nyumba ya kioo yenye mimea mingi, joto na unyevu. Kwenye okidi mbili za dirishani wanakufa njaa au wanarukia taa. Na mtoto wa Cryptolaemus ni mweupe wa manyoya kama kidung'ata mkubwa, usije ukamwua mfanyakazi wako kwa spiriti.

Kutoa kwenye chungu

Hii sio mshindani wa zile nne, inakwenda nazo. Toa mmea, tupa magome yote, osha mizizi kwa maji yanayotiririka ya vuguvugu, kata iliyooza kwa mkasi uliofutwa na spiriti, chungu osha au badilisha. Wengine wanaogopa kufanya hivyo mmea ukiwa na maua, na ni kweli maua yanaweza kuanguka. Ila kama wako chini hamna njia ya juu itakayowafikia, na kwenye magamba ondoa pia yale maganda makavu yanayofunika shina, huko ndo chumbani kwao.

Sasa wewe uko wapi

Una okidi moja, umeona weupe wawili watatu, umewahi: spiriti leo, chungulia mizizi leo leo, rudia kila wiki kwa mwezi.

Wanarudi kila wiki idadi ile ile kama wamepangiana zamu: acha kufuta, toa kwenye chungu. Ukikuta wako mizizini osha, panda upya, halafu ndo uamue kama unaongeza dawa ya kupenya au la.

Vidoa vya fedha chini ya majani, hewa ya chumba kavu: mpeleke bafuni mmea, majani yapigwe maji kwa nguvu, kisha sabuni sahihi. Imidaklopridi weka mbali kabisa.

Vipele visivyonata na pamba pamba pembeni yake: hesabu kwamba ni gamba gumu, mswaki laini na mafuta, raundi nne sio mbili.

Vithiripi kwenye maua: kata shina la maua, funga kwenye mfuko, toa nje. Najua inauma. Majani yaliyobaki pulizia sabuni.

Nyumba ina mtoto anayetambaa au paka mtafunaji: spiriti kwa pamba au sabuni, na mmea ukae juu mpaka ukauke. Ukiona hizo mbili zimeshindwa, mpe mmea mtu mwingine mwenye nafasi ya kuutibu kuliko kuleta sumu sakafuni.

Okidi mpya, haina kitu unachokiona: iweke chumba kingine wiki tatu au nne, ichunguze kila wiki na tochi. Na kama ile ya zamani imebaki majani mawili, mizizi michache na wadudu kila kona huku jirani zake kumi ni wazima, mi huwa naifunga kwenye mfuko na kuitupa siku hiyo hiyo, kisha napangusa dirisha lote na rafu ilipokuwa imekaa.